Kweli Inayomgharimu Msemaji

Katika ahadi za mwana-TANU ilikuwamo moja ambayo watu wa rika la wazazi wangu wanaikumbuka hadi leo: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Mimi huvutiwa zaidi na hicho kipande cha pili. Walioitunga ahadi walizijua tabia zetu. Mtu anaweza kumsema jirani yake kutwa nzima, asitie chumvi hata chembe, na bado akawa mfitini. Yote aliyoyasema ni kweli. Ila bei yake kalipa jirani.

Kweli ngumu ni ile inayomrudi msemaji mwenyewe. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliandika tathmini yake. Mafanikio aliyataja, kama ilivyo desturi ya watawala. Lakini aliandika pia kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa, wala haikuwa imejitegemea. Chama kilikuwa kimoja na mwenyekiti ni yeye; nani angemlazimisha kusema hivyo? Baadaye, akikaribia kung'atuka, alisema kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa, kama alivyofanya mwaka 1972, wala asingevunja vyama vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976. Wapo wanaosema alichelewa, nami nakubaliana nao. Mkulima aliyenyang'anywa chama chake hakulipwa kwa maneno. Hata hivyo, niwekeeni mezani viongozi wengine waliowahi kuzitaja kazi za mikono yao wenyewe kwa majina na kusema: hizi, hapana.

Sisi wa mitaani hatuna dola, ila tunao uongo wetu mdogomdogo tunaouita ubinadamu. Wiki ya Idi nilimpigia simu fundi wangu wa kanzu. "Mzee wangu, shikamoo, imebaki vifungo tu." Jioni nikapita kibandani kwake. Kitambaa kilikuwa ndani ya mfuko uleule niliopeleka nao, hakijaguswa na mkasi. Akacheka, akanivutia kigoda, akamtuma kijana soda. Si mtu mbaya hata kidogo, na mkono wake ni mzuri. Aliogopa tu kupoteza mteja, kwa hiyo akapokea vitambaa vya watu wote na kuwaahidi wote. Neno "siwezi" lingemkosesha hela ya mshono mmoja. "Vifungo tu" iliwakosesha wengi kanzu ya sala, nami nikavaa ya mwaka juzi, yenye doa la mchuzi kifuani.

Basi mafundi wa cherehani, waashi, makenika, na nyinyi wadaiwa mnaojibu "natuma sasa hivi" mkiwa hamna kitu: tuambieni mapema kwamba haiwezekani. Tutanuna kidogo, tutachukua kitambaa chetu tukajaribu kwingine, na mwakani tutarudi kwenu.