Ushahidi wa Kweli juu ya Jirani

Masomo ya juma: Kutoka 20:16, Danieli 1:3–20, Matendo 17:16–34



Huu ni msimu ambao vijana wetu wanachagua kozi za chuo kikuu, na walio mwaka wa kwanza wanatakiwa kuamua lipi liwe somo kuu na lipi somo dogo. Baadhi yao wamenijia na jambo moja. Wanatamani kusoma taaluma ya dini kama somo dogo, kando ya historia, sosholojia, fasihi au uandishi wa habari, na nyumbani wamekutana na maswali mawili: Kazi utapata wapi? Na imani yako itasalimika?

Maswali hayo yanatoka katika upendo wa wazazi, nami nitayajibu. Lakini naomba tutangulize swali jingine, ambalo Maandiko yanatuuliza sote, wazee kwa vijana: je, tunayoyasema juu ya imani za watu wengine ni ya kweli?

Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kuiacha amri hii mahakamani, kana kwamba inawahusu tu waliosimama kizimbani na kula kiapo. Ukweli ni kwamba ushahidi hutolewa kila siku: barazani, ndani ya matatu, kwenye makundi ya WhatsApp, hata mimbarani. Mtu husema kwa sauti ya uhakika kwamba Waislamu huamini hivi, Wahindu huabudu vile, na wazee wa kaya hufanya kadha wa kadha. Ukimuuliza ameyasoma wapi, au amemuuliza nani, hana jibu. Huyo amesimama kuwa shahidi wa jambo asilolishuhudia. Hapa kwetu pwani, ambapo adhana, kengele ya kanisa na kengele ya hekalu husikika katika mji mmoja, dhambi hii ni rahisi kuitenda na ni ngumu kuitubia, kwa sababu hatuioni kuwa ni dhambi.

Taaluma ya dini inamfundisha kijana kuacha uongo huo. Chuo hakimwombi aamini anachokisoma, wala hakimwombi akane anachokiamini. Kinamtaka aeleze imani ya mwenziwe kwa namna ambayo mwenziwe, akiisoma, atakubali kwamba ndivyo ilivyo. Kinamfundisha kuuliza: andiko hili liliandikwa lini, kwa akina nani, na limefasiriwaje tangu hapo? Ibada hii ina maana gani kwa wanaoifanya? Kwa nini watu wa kitabu kimoja wamegawanyika? Kazi hiyo ni tofauti na ya chuo cha theolojia, kinachowaandaa watumishi wa kanisa, na hizi mbili zisichanganywe. Lakini mtu anayejifunza kumweleza jirani yake kwa haki anatimiza amri ya Mungu, hata kama mhadhiri wake haitaji amri hiyo darasani.

Sasa nirudi kwenye hofu ya imani. Danieli na wenzake watatu walipelekwa Babeli wakiwa vijana, wakawekwa miaka 3 kusoma maandiko na lugha ya Wakaldayo. Elimu ile haikuwa na harufu ya Yerusalemu hata kidogo. Ilijaa miungu ya watu wengine na elimu ya nyota zao. Danieli alikataa chakula cha mfalme. Masomo hakuyakataa. Aliyasoma kwa bidii mpaka akawapita wote waliokuwa barazani kwa mfalme, na Maandiko yanasema wazi kwamba ujuzi ule walipewa na Mungu. Alijua mpaka wake uko wapi, na kwa sababu aliujua, hakuhitaji kuogopa kitabu. Mtume Paulo naye, alipofika Athene, aliuzunguka mji na kuzitazama ibada zao kabla hajasimama Areopago. Aliwaanzia kwenye madhabahu yao wenyewe na washairi wao wenyewe. Hakuna mtu wa Athene aliyeweza kumwambia kwamba anasema asiyoyajua.

Tunaye mfano wa karibu zaidi. John Mbiti alizaliwa Kitui mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana na mwanafunzi wa Agano Jipya hadi shahada ya uzamivu Cambridge. Alipokwenda kufundisha Makerere mwaka 1964, alikabidhiwa kufundisha dini za Kiafrika, jambo ambalo vitabu vingi vya wakati ule vililizungumzia kwa dharau. Akaanza kukusanya na kulinganisha yale ambayo mamia ya jamii za Afrika zinasema juu ya Mungu, na kutokana na mihadhara yake kikatoka kitabu cha *African Religions and Philosophy* mwaka 1969. Wako waliompinga, akiwemo mshairi na msomi wa Uganda, Okot p'Bitek, aliyeona kwamba wasomi Wakristo wanaivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Ubishi ule uliwanufaisha wasomaji wote. Na imani ya Mbiti? Katika uzee wake aliketi akatafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, lugha ya mama yake. Alifariki mwaka 2019 akiwa bado mtumishi wa Kristo. Miaka mingi ya kusoma imani za wengine haikumpokonya yake.

Historia ya lugha yetu hii nayo ina somo. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Biblia ya Kiswahili, tunayoisoma kila Jumapili, ina jasho la msomi wa Kiislamu katika kurasa zake za mwanzo kabisa. Mwaka 1923 kasisi mmoja wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Zanzibar, Godfrey Dale, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa ya kisomi, lakini iliambatana na maelezo ya kuwaandaa walimu wa Kikristo kubishana na Waislamu, na Waislamu wa pwani hawakuweza kuipokea kama kitabu chao. Walikuja kupata tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyochapishwa mwaka 1969. Jifunzeni hapo, wanangu. Yule kadhi na Krapf walikuwa na imani mbili, wakaketi mezani pamoja. Unaweza kusoma dini ya mtu ili umshinde, na usomi wako ukawa wa juu, lakini mwenyewe asijione humo. Unaweza pia kuisoma ili umfahamu, na mlango ukabaki wazi hata pale msipokubaliana.

Tena ushahidi wa uongo hausemwi juu ya jirani peke yake. Husemwa hata juu ya Mungu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwemo, waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Kabla yake, mwezi Machi mwaka 2000, mamia waliangamia Kanungu nchini Uganda wakisubiri mwisho wa dunia. Sisemi kwamba darasa la chuo kikuu lingewaokoa wote. Huzuni na umaskini navyo humfikisha mtu huko. Lakini kanisa na serikali zinahitaji watu wanaoijua historia ya mafundisho kama hayo, wanaozitambua dalili zake mapema, na wanaoweza kuzungumza na familia bila kuidhihaki imani yao. Watu hao hawaoti wenyewe. Lazima wasomeshwe.

Kuhusu kazi, nitasema kweli: somo dogo peke yake halitampatia mtu ajira. Linaliongezea nguvu somo kuu. Mwandishi wa habari anayejua kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, inazipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake, hatapotosha umma pale mjadala unapowaka. Msomi wa historia anayeelewa maana ya misitu mitakatifu ya kaya kwa Wamijikenda ataeleza kwa nini misitu ile iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na kwa nini kukata mti pale ni zaidi ya kukata kuni. Anayetaka kufundisha somo la dini ya Kikristo (CRE) sekondari ahakikishe mapema kwamba kozi yake ni ya ualimu na inamruhusu kuwa na masomo mawili ya kufundishia. Asidhani somo dogo litamfikisha huko.

Kwa vijana, neno langu ni hili. Kama unalichagua somo hili kwa sababu umesikia alama zake ni za bure, liache. Utaudhika, na utakuwa umechukua nafasi ya mwenye njaa nalo. Kama unalichagua kwa kutaka kujua, soma kwanza orodha ya kozi zake. Tazama kama Uislamu, Ukristo, dini za Kiafrika na dini za Kihindi vyote vinafundishwa, na kama unaweza kuongeza Kiarabu, Kigiriki au Kiebrania. Nenda ukaongee na wahadhiri. Nawe ukiwa huko, usikatize ushirika: kaa na kanisa lako, omba, soma Biblia yako, na maswali yanayokusumbua yalete kwetu wachungaji badala ya kuyaficha. Danieli hakuwa peke yake Babeli. Alikuwa na wenzake watatu.

Kwa wazazi, nawasihi: msimzuie mtoto kwa hofu. Imani mliyompa tangu ubatizo wake inaweza kusimama mbele ya kitabu. Na kwa washarika wote, hata sisi ambao umri wa chuo umetupita: juma hili, kabla hujasema neno lolote juu ya dini ya mwenzako, mwendee mwenyewe umuulize. Akikujibu, lipeleke jibu lake kwa watu kama alivyolisema.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.