Mwendo wa Watoto: Neno kwa Mama Aliyejiajiri

Masomo: Mwanzo 33:12–17, 1 Samweli 1:21–23



Yakobo alimtumikia Labani kwa miaka 20, na mshahara wake ukabadilishwa mara kumi. Tunapomkuta katika sura ya 33 ameshaondoka kwa mwajiri huyo. Ana mifugo yake, ana wake zake na watoto, na riziki yote inamtegemea yeye. Kwa lugha yetu ya leo tungesema Yakobo amejiajiri. Ndugu yake Esau, aliyekuja na watu 400, anamwambia waongozane. Yakobo anakataa kwa adabu. Anamweleza kwamba watoto wake bado ni wadogo na kwamba kundini wamo wanaonyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja, watakufa. Basi Esau atangulie, naye atafuata taratibu, kadiri miguu ya watoto inavyoweza.

(Kwamba alisema atakwenda Seiri kisha akaishia Sukothi, hilo tuliache kwa Jumapili nyingine.)

Tunachotaka tukione leo ni hiki: hapakuwa na sheria iliyomlazimisha Yakobo kupunguza mwendo, wala bosi wa kumpa ruhusa. Mwenye mali ndiye aliyeamua kwamba kazi yote itakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote.

Dada zetu wengi hapa Birmingham wako mahali pa Yakobo. Wapo wanaosuka nywele sebuleni kwao Handsworth na Erdington, wanaoshona vitenge, wanaopika vyakula vya harusi na misiba, wanaosafisha nyumba za watu, wanaolea watoto wa wenzao. Mama aliyeajiriwa akijifungua, sheria ya nchi hii inamkataza kurudi kazini kwa wiki mbili za kwanza, atake asitake, na inampa haki ya likizo hadi wiki 52. Aliyejiajiri hana wa kumkataza. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tumeona hayo kwa macho. Mtoto ana siku moja duniani, na mama yuko kitandani anajibu ujumbe wa wateja: "Jumamosi nipo, dada, njoo saa nne." Tusimhukumu. Kodi ya nyumba haingoji, na mteja akishazoea mikono ya msusi mwingine, kumrudisha ni kazi.

Lakini ngoja tuseme kama wauguzi. Kondo la nyuma likitoka, huacha kidonda ndani ya mji wa mimba, kidonda kipana kama sahani. Hakionekani, ndiyo maana kinadharauliwa. Kama mtu angekuwa na kidonda cha ukubwa huo mgongoni, nani angemwambia asimame saa sita kusuka rasta? Kidonda hicho huchukua kama wiki sita kupona, na aliyepasuliwa ana mshono juu yake. Katika wiki hizo sita hatari ya damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni ni kubwa kuliko kawaida, na hiyo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi Uingereza. Wanawake weusi wa nchi hii hufa kwa sababu za ujauzito na uzazi zaidi ya mara mbili ya wanawake weupe. Hatusemi haya ili kutisha mtu. Tunayasema kwa sababu mama anayejiambia "ni uchovu tu" huku mguu mmoja umevimba na unauma, au anapumua kwa shida, au pedi moja inalowa damu ndani ya saa moja, au kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, anatakiwa apige simu wakati huohuo. Akimaliza kichwa cha mteja kwanza anaweza kuwa amechelewa.

Sura mbili baada ya somo letu, Raheli anajifungua Benyamini njiani, karibu na Efrathi, na anafia hapo. Maandiko hayasemi kwamba ni safari iliyomuua, nasi hatusemi hivyo. Tunakumbuka tu kwamba yule aliyeogopa kuwakimbiza wadogo alijua anachoogopa.

Huko tulikotoka sheria nazo zilimwangalia zaidi mwenye ajira. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, mwajiriwa hupata siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya, kwa sheria ya 2007, ni miezi mitatu. Mama muuza nyanya wa Kariakoo au Gikomba hakuwa na mwajiri wa kumwandikia barua. Alikuwa na watu. Pwani walimfungia ndani siku arobaini, akakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Kwa Wachaga aliletewa mtori. Mama mkwe alikuja na begi lake bila kuulizwa atakaa siku ngapi. Likizo ya uzazi ya aliyejiajiri ilikuwa ni wanawake wenzake. Hapa mama mkwe yuko mbali na visa, na jirani hatujui hata jina lake.

Iko posho, wapendwa, na wengi wetu tunaipita bila kujua. Inaitwa Maternity Allowance, na ni kwa ajili ya mama asiyeweza kulipwa na mwajiri malipo ya uzazi. Hutolewa kwa wiki hadi 39. Aliyejiajiri anatakiwa awe amesajiliwa HMRC na kufanya kazi yake kwa wiki zisizopungua 26 katika wiki 66 kabla ya wiki anayotarajia kujifungua. Si lazima wiki hizo zifuatane. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 kiwango cha juu kilikuwa pauni 187.18 kwa wiki, na cha chini pauni 27.

Tofauti hiyo inatokana na michango ya bima ya taifa ya aliyejiajiri, ile ya daraja la pili, Class 2. Mwenye wiki 13 za michango hiyo ndani ya zile wiki 66 hupata kiwango cha juu. Asiyefikisha anaweza kubaki na pauni 27. Piga hesabu nasi: pauni 187.18 kwa wiki 39 ni kama pauni 7,300, na pauni 27 kwa wiki 39 ni pauni 1,053. Mchango wa hiari mwaka huo ulikuwa pauni 3.50 kwa wiki, yaani pauni 45.50 kwa wiki 13. Ikiwa michango haitoshi, HMRC humwandikia mwombaji barua kumweleza jinsi ya kulipa mapema ili apate kiwango kamili. Barua hiyo ikifika, isitupwe pamoja na matangazo ya piza.

Lakini yote yanaanzia kwenye kusajiliwa. Anayesuka kimyakimya, akilipwa taslimu bila kuandika popote, siku ya mimba hana wiki hata moja ya kuonyesha. Tunajua kwa nini watu wanaogopa. Ila dada aliyejisajili wakati bado hana hata mpango wa mtoto amejiwekea akiba, kama Yusufu katika miaka ya shibe.

Fomu inaitwa MA1, na inaweza kupelekwa ukishatimiza wiki 26 za ujauzito. Mkunga atakupa cheti cha MATB1 baada ya wiki ya 20. Malipo yanaweza kuanza wiki 11 kabla ya tarehe ya kujifungua, na usichelewe kuomba zaidi ya miezi mitatu, kwa maana unachopoteza hakirudi. Ukiwa kwenye posho unaruhusiwa kufanya kazi siku 10 bila kuikosa, basi mteja wako wa miaka mingi mwenye harusi hatapotea. Anayepokea Universal Credit ajue kwamba posho hii hukatwa humo pauni kwa pauni.

Lipo jambo ambalo hata wahasibu husahau. Mama anayemsaidia mume wake katika biashara ya mume bila mshahara, aliye dukani kila siku na jina lake halipo popote, naye anaweza kupata pauni 27 kwa wiki kwa wiki 14, ikiwa mume amesajiliwa na michango yake iko sawa.

Kuhusu visa. Wengi wana maneno yale kwenye hati zao kwamba hawaruhusiwi kutumia fedha za umma, na wakisikia neno posho wanatetemeka. Maternity Allowance haimo katika orodha hiyo, kwa sababu inatokana na kazi na michango. Jambo la kuangalia ni kama visa yako inakuruhusu kujiajiri. Ya mwanafunzi, kwa mfano, hairuhusu. Penye shaka muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, usiulize kundi la WhatsApp.

Wengine husema, "Mimi sitaki kuombaomba serikali." Esau naye alitaka kumwachia Yakobo baadhi ya watu wake wamsaidie njiani, na Yakobo akasema ya nini. Hapo hatumuigi.

Akina baba, endeleeni kusoma. Hana alipojifungua Samweli, msimu wa kupanda Shilo ulifika na Elkana akajiandaa na nyumba yake yote. Hana akasema hatakwenda mpaka mtoto aachishwe ziwa. Elkana hakumkumbusha nadhiri, wala hakuuliza watu watasemaje. Alimwambia afanye anavyoona ni vema, akae nyumbani. Hii ilikuwa ni safari ya ibada, na bado mama alibaki. Baba aliyejiajiri hapati malipo ya likizo ya uzazi katika nchi hii, na dereva wa teksi asipoingia barabarani hapati kitu. Tunalijua hilo. Lakini kumwambia mke "kaa" hakugharimu pauni, na kuanza kuweka kando kidogo tangu siku kipimo kilipoonyesha mistari miwili kunawezekana.

Na sisi kanisa tujiangalie. Tunampongeza dada kwa makofi akirudi kwaya mtoto akiwa na wiki tatu. Tunampigia simu mpishi wetu aliyejifungua juzi kuuliza kama ataweza kutusaidia chapati mia moja za kongamano, "kama hutajali." Anajali, ila anaona aibu kukataa. Kuanzia sasa umoja wa akina mama umekubaliana kwamba aliyejifungua hatapewa zamu yoyote mpaka atakapoomba mwenyewe. Na wateja wa msusi wetu, ambao wengi ni sisi humu humu, tumngoje. Suka kwingine mara mbili tatu, kisha rudi kwake, na umwambie mapema kwamba utarudi, ili alale.

Jumapili ijayo baada ya ibada meza yetu itakuwa karibu na mlango wa jikoni. Mtakuta fomu za MA1 zilizochapishwa, na mmoja wetu atakaa na yeyote anayetaka kuijaza bila watu kusikiliza. Daftari la zamu nalo litakuwepo: chakula cha mchana, kufua, na kuwapeleka wakubwa shuleni. Dada zetu watatu wanatarajia kujifungua kabla ya Pasaka, na ukurasa wa kufua bado ni mweupe. Asiyejua kupika mtori ataelekezwa.