Ajali kiwandani: Ni qadar ya Allah au dhulma ya mja?

Mwaka juzi nilikwenda hospitali kumjulia hali kijana niliyemfundisha Maarifa ya Uislamu alipokuwa sekondari. Alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Presi ya kukunjia mabati ilikuwa imemkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Nikafanya kile ambacho sisi maustadhi tumezoea kukifanya. Nikamwambia: "Subiri mdogo wangu, hii ni qadar ya Allah. Sema alhamdulillahi, uhai upo."

Hakunibishia. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jinsi ilivyokuwa. Ile presi ina vitufe viwili, na ili ishuke ni lazima uvibonyeze vyote kwa pamoja, kila mkono na chake. Aliyeiunda alikusudia mikono yote miwili iwe nje wakati chuma kinaposhuka. Lakini kufanya kazi hivyo kunachelewesha. Kwa hiyo msimamizi wa zamu aliamuru kitufe kimoja kifungwe kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kibaki kimebonyea muda wote, ili mkono mmoja upange bati huku wa pili ukiendesha mashine. Aliyesita aliambiwa arudi nyumbani, kwani getini wapo wengine wanaosubiri.

"Sasa Ustadh," akaniuliza, "ule mpira aliyeufunga ni Allah?"

Sikuwa na jibu. Niliaga nikaondoka, na shahada yangu ya chuo kikuu haikunisaidia kitu.

Ndugu Waislamu, kuamini qadar ni nguzo ya imani, na hapana Muislamu wa kuitilia shaka. Suala langu leo ni jingine. Je, ni nani mwenye haki ya kuitaja qadar pale damu ya mfanyakazi inapomwagika, na anaitaja kwa lengo gani?

Wanazuoni wetu walikwishalifafanua jambo hili. Wamesema kuwa qadar hutajwa katika misiba, haitajwi kuhalalisha makosa. Aliyefikwa na msiba anaposema "ni qadar", analiwaza moyo wake na kumridhia Mola wake. Huyo ana ujira. Lakini aliyesababisha msiba anaposema neno hilo hilo, anakimbia hisabu. Mwizi naye angeweza kudai kuwa aliandikiwa kuiba, na hakuna kadhi ambaye angemwachia kwa hoja hiyo.

Tazama sheria ya Kiislamu inavyomhukumu aliyeua kwa bahati mbaya. Katika Suratun Nisaa (4:92), Allah (s.w.) amemuwajibisha mtu huyo kutoa kafara, na diya kwa jamaa wa marehemu ila wakisamehe. Hakukusudia, na kilichotokea kimetokea kwa qadar ya Allah bila shaka, lakini dhamana haikuondoka. Aidha, mafaqihi wamemjadili mtu aliyechimba shimo katika njia ya watu bila ya haki, mpita njia akatumbukia. Wamesema mchimbaji anadhaminika. Ikiwa mchimba shimo anabeba dhima, vipi kuhusu aliyefunga kitufe kwa mpira huku akijua kitufe kile kimewekwa kwa ajili gani?

Wengine watasema kuwa kujikinga sana ni udhaifu wa tawakkul. Hao nawarejesha kwa Umar bin Khattab (r.a.). Alipokuwa safarini kwenda Sham alipata habari kuwa kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kuwa ndiyo, anaikimbia qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah. Yaani hatari ni qadar, na njia ya kuiepuka nayo ni qadar.

Sasa linganisha na yaliyotokea Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu. Siku moja kabla ya tarehe 24 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka. Benki iliyokuwa katika jengo hilo ilifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wengi wao wanawake, waliamriwa kurejea kazini asubuhi yake. Jengo likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Watu wa benki waliikimbia qadar kuiendea qadar. Mshona nguo yeye alinyimwa hata ruhusa ya kukimbia. Anayewaambia mayatima wa pale kuwa hayo ni mapenzi ya Allah, kisha akanyamaza, amewaambia nusu tu ya dini.

Ipo hoja nyingine, kwamba mfanyakazi mwenyewe alijua hatari na akakubali. Ni kweli mja anawajibika kuilinda nafsi yake, na wapo wanaopewa glavu na miwani wakaziweka mfukoni. Lakini kibarua anayelipwa kwa siku, mwenye kodi ya chumba na watoto nyumbani, akiambiwa achague baina ya mashine ile na geti, uko wapi hiari yake? Mtume (s.a.w.) alikataza kuwabebesha walio chini yetu wasiyoyaweza.

Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia ulianza kazi mwaka 2015. Lakini kibarua asiye na hata karatasi ya mkataba hupata tabu kuthibitisha kuwa aliumia kazini. Hapa ndipo misikiti yetu ingefaa. Wamo mawakili, wahasibu na wenye viwanda katika safu zetu za Ijumaa. Kwa nini kamati ya msikiti ipitishe kapu la sadaka kwa majeruhi, lakini isimsindikize kudai haki yake? Kwenye mimbari tunakumbusha kuwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Jasho tunalitaja, damu hatuitaji.

Yule kijana alikuja nyumbani miezi michache baadaye. Alitaka kujua afanye nini katika tahiyatu, maana kidole cha shahada ni miongoni mwa vile vinne. Swali hilo nilimjibu papo hapo: asiyenacho hana lawama, na sala yake ni timamu. Kisha nikamuomba radhi kwa maneno yangu ya hospitali. Nilimwambia kuwa vidole vyake vimekwenda kwa qadar ya Allah, na mpira ule ulifungwa na mtu, naye ataulizwa. Nami nikinyamaza, nitaulizwa pia.

Wallahu a'lam.