NI KIU AU NI MACHO?

Kijana wa Mbezi Beach, hebu simama kidogo! Bahari ile pale, umeiona tangu utoto. Mbona mtaani watu wananunua maji kwa madumu? Unajua hayanyweki. Haya, sikiliza.

Mwaka 1887 msafara wa Teleki, Mhungaria, uliondoka Pangani. Wapagazi wengi walitoka Unguja na mwambao, watu wa bahari kama wewe. Machi 1888 wakawa kaskazini mwa Kenya ya leo, jangwa la mawe meusi ya volkano, jua linachoma, maji hakuna. Ghafla, ziwa! Ndilo Turkana. Wakalikimbilia, wakajitupa majini, wakaonja... magadi!

Walidanganywa? Na nani? Ziwa halikusema kitu, liling'aa tu. Funda la kwanza, nakubali, ni kosa la macho. Lakini waliyanywa tena, siku baada ya siku, wakifuata ufuko ule, huku wanajua. Mimi siwalaumu: walikuwa na mizigo ya mtu kichwani, na kisima kingine hawakukiona.

Wewe je, rafiki? Lile unalolirudia kila Jumamosi usiku ulishalionja. Usiniambie hukujua. Nani kakutwika mzigo?