Je, Ajali Haina Kinga?

Ifikapo habari ya msiba wa barabarani, wengi wetu husema, "Ajali haina kinga," tena huongeza, "Ni mapenzi ya Mungu." Maneno hayo huwatuliza wafiwa, wala hatuwalaumu wayasemao kwa huruma. Lakini yatupasa sisi Wakristu tujiulize kama ni ya kweli daima, au kama mara nyingine twamsingizia Mwenyezi Mungu makosa yetu wenyewe.

Tukumbuke tarehe 10 Agosti, 2019. Huko Msamvu, mjini Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakimbilia na madumu kuteka mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Msiba huo haukuwa wa kwanza. Tarehe 31 Januari, 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, walikufa zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai, 2010, huko Sange katika Kongo, zaidi ya 200. Mara tatu mambo yale yale: lori, petroli, watu, moto.

Jambo lirudilo kwa namna ile ile lina sababu, na lenye sababu laweza kukingwa. Petroli hutoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa, utambaao ardhini na kujaa mitaroni hata ukutane na cheche mbali na mafuta yenyewe. Ndiyo maana kanuni zimewekwa, na mataifa ya Ulaya yalipatana juu ya kanuni za namna hiyo mjini Geneva mwaka 1957. Tangi lisijazwe pomoni, kwa kuwa mafuta huvimba kwa joto. Ligawanywe vyumba, mafuta yasiyumbe na kulipindua lori konani. Lori liungwe na ardhi kwa waya wakati wa kupakia. Kibao chenye namba 1203 kiwaambie wazimamoto kwamba ndani mna petroli. Dereva naye apumzike.

Sasa tuulize. Dereva aliyekesha usukanini akisinzia, akafika salama. Tajiri aliyeona breki zimechakaa, akaliachia lori liende, wala asife mtu: je, wametenda dhambi? Wengi watajibu kwamba hakuna aliyedhurika. Sisi twasema, wametenda. Sheria ya Musa ilimwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Haikumwambia angoje kwanza mtu aanguke. Katekisimu ya Kanisa nayo yafundisha kwamba wana hatia kubwa wale wahatarishao usalama wa wengine njiani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi. Hatia yaanza katika kuhatarisha, hata kabla ya kuua. Aliyefika salama kwa namna hiyo amshukuru Mungu kwa rehema yake, kisha akaungame.

Na wale waliokimbilia mafuta? Tusiwahukumu marehemu. Wengi walikuwa maskini, na dumu moja la petroli lilikuwa chakula cha siku kadhaa; tena wengi hawakujua habari za mvuke ule. Lakini sisi tujuao tutadaiwa. Baba na mama, wafundisheni watoto wenu tangu leo: lori la mafuta likipinduka, wasilikaribie, wasiwashe moto wala pikipiki, wakimbilie upande upepo utokako, na wawazuie wengine. Mali iliyomwagika ina mwenyewe, na uhai una Mwenyewe aliye mkuu zaidi.

Amri ya tano haimhusu mwenye upanga peke yake. Yamhusu pia mwenye ufunguo wa lori, mwenye fedha za breki, na askari apokeaye kitu kidogo ili lori bovu lipite. Jirani yetu ni pamoja na yule akaaye kando ya barabara, ambaye hatutamwona kamwe wala kulijua jina lake. Kushika kanuni kwa ajili yake ni kumpenda.