Ukoka Uliolala

Mwezi wa Juni ukiisha kuingia, masika yakiwa yamepita, baridi ya kipupwe hushuka juu ya milima yetu ya Upare, na hapa Mamba ukungu hukaa mpaka jua liwe juu. Ndipo ukoka wa viwanja vyetu, vya shule, vya kanisa na vya nyumbani, huacha kukua. Rangi yake hufifia, na mtu asiyejua husema umekufa. Haukufa, umelala. Basi swali nipendalo kuwawekea wasomaji ni hili: je, tuna wajibu wo wote kwa kitu ambacho kwa sasa hakitupi kitu?

Kwanza tutazame jinsi kilivyo. Jani ndilo jiko la ukoka: kwa jua hupika chakula, na kilichosalia huwekwa akiba katika mizizi na katika vile vikonyo vitambaavyo chini. Wakati wa joto ukikatwa hurudi upesi. Wakati wa baridi ukikatwa mpaka chini hauna jiko, nao hula akiba yake. Yako majani ya nchi za juu za Afrika ya Mashariki, yaitwayo na wageni kwa jina la Wakikuyu, ambayo yamepandwa mpaka Australia na California. Huko nako baridi ikizidi huzubaa, na jalidi huyageuza rangi ya kahawia. Wenye bustani wa huko huinua visu vya mashine zao, hupunguza maji, wala hawaondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja.

Tena iko habari ya miguu. Kila mtu akatizaye uwanja husema, “Mguu wangu mmoja utadhuru nini?” Naye asema kweli. Lakini mguu ule ule hauna uzito mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Aprili ukoka huponya jeraha lake kwa siku chache. Mwezi wa Julai, udongo ukiwa umelowa kwa ukungu, mguu huushindilia, hewa haifiki mizizini, na jeraha hukaa wazi mpaka mvua za vuli. Basi tendo lisilo na kosa katika majira moja laweza kuwa kosa katika majira mengine, ingawa mtendaji hakubadili nia yake hata kidogo. Jambo hili si la nyasi tu, lakini na tuendelee.

Labda mtu atauliza, “Na yule mjane mwenye ng’ombe mmoja zizini, ambaye siku za kipupwe hutembea mbali kutafuta majani, je, tumwambie kwamba uwanja huu ni wa kutazamwa?” Swali hili ni zito kuliko langu. Mimi naona njaa ya ng’ombe yatangulia furaha ya macho, na mtu amfukuzaye mjane kwa ajili ya uzuri wa uwanja hajui uzuri ni nini. Walakini katika nchi ya miteremko kama yetu ukoka si wa macho tu. Mvua za vuli zikianguka mwezi wa Oktoba juu ya ardhi tupu, udongo huteremka bondeni wala haupandi tena. Kwa hiyo mama huyo na akate, tena akate bila kuomba mara mbili, ila aache urefu wa vidole vinne, na ukingo wa mteremko asiuguse. Kukata si kukwangua.

Lakini mwenye kukwangua kwa kawaida si mjane. Ni sisi walimu. Katika shule nyingi mtoto aliyechelewa hupewa fyekeo, na asubuhi za baridi wachelewao ni wengi. Hivyo ukoka hukatwa sana wakati usipokua kabisa, si kwa haja yake bali kwa makosa ya watoto. Nao watoto hujifunza kwamba kuutunza uwanja ni adhabu. Aliyechelewa na apewe kubeba samadi mpaka shamba la shule, ikae tayari kungoja vuli. Kazi hiyo ni nzito ya kutosha.