Mzazi akija kututembelea masomoni, aone nini?

Kumzuru ndugu kwa ajili ya Allah (s.w.) ni ibada. Hilo halina mzozo baina yetu Waislamu, na wengi tunaijua hadithi ya yule mtu aliyetoka kijijini kwake kwenda kumzuru ndugu yake katika kijiji kingine, Allah (s.w.) akamwekea malaika njiani wa kumpa habari kwamba Mola wake anampenda kama yeye alivyompenda nduguye. Ikiwa hiyo ndiyo daraja ya mtu anayemzuru ndugu yake wa imani, basi mzazi anayefunga safari kwenda kumwona mwanawe aliye masomoni nchi ya mbali yumo katika kheri juu ya kheri, na mwana anayempokea yumo katika furaha ambayo si kila mwanafunzi huipata. Lakini lipo suala ambalo hatulizungumzi. Mzazi huyo akishafika, aone nini?

Hivi sasa watoto wa Kiislamu kutoka Tanzania wanasoma Madina, Cairo, Ankara, Kuala Lumpur na kwingineko. Na si watoto wa Kariakoo au Mji Mkongwe peke yao. Wapo wa kutoka Nambambo, kwetu Nachingwea, mahali ambapo mpaka ufike Dar es Salaam tu umeshakwenda zaidi ya kilomita 500. Mzazi wa huko hana mshahara. Anangoja msimu wa korosho, anapeleka mzigo chama cha msingi, unaingia ghalani, unangoja mnada wa RUNALI, na bei ikitoka ndipo anajua kama mwaka huo mtoto atatumiwa kitu au la. Mzazi kama huyo akifanikiwa kupanda ndege kwenda kumwona mwanawe, ujue ni miaka ya kujinyima ndiyo iliyompandisha.

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua kwa karibu, na mwenyewe ameniruhusu kuusema bila ya jina lake. Ni kijana anayeniita mjomba, na kwetu sisi watu wa kusini mjomba si mtu wa pembeni. Anasoma Cairo kwa kujilipia. Mama yake, mkulima wa Nambambo, alikwenda Umra, na kikundi chao katika kurudi kikapitia Misri, akapata siku sita za kukaa na mwanawe. Kijana alikuwa akiishi na wenzake watano katika vyumba viwili, na mwaka mmoja wa masomo alikuwa ameurudia. Nyumbani hawakuyajua yote mawili. Basi akaazima nyumba ya rafiki yake mwenye uwezo, akahamishia vitabu vyake huko, akampokea mama.

Zilikuwa siku za furaha, na sitaki mtu adhani furaha ile ilikuwa ya uongo. Mama alikuja na korosho alizobangua kwa mkono wake, na ufuta. Akapika wali na mbaazi za nazi, vijana wa Kitanzania wakajaa sebuleni wakala kama wako Eid. Mwana akamtembeza mama yake pembezoni mwa mto Nile, akampeleka kuswali katika msikiti wa Al-Azhar uliojengwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mama alilia kwa shukurani. Nani atasema machozi yale hayakuwa ya kweli?

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Mama alirudi Nambambo akaitisha kikao cha ukoo, akatangaza kwamba mtoto ameshasimama, ana nyumba nzuri, hana shida. Alisema alichokiona kwa macho yake. Pesa ya msimu ule ikaelekezwa kwa mdogo wake wa kike, ambaye naye alikuwa anangoja ada, na sehemu nyingine ikanunua bati. Hakuna aliyedhulumu. Ukoo uliamua kwa haki kabisa juu ya habari isiyokuwa kweli. Kule Cairo kijana akabaki bila ada, akakopa hapa na pale, na muhula wa mitihani ukampita.

Sasa tuulize, je, kijana yule alifanya kosa? Yeye mwenyewe hoja yake ni hii: mama ana presha, amejinyima kwa miaka, amekuja kwa siku sita. Kwa nini nimpe huzuni abebe nayo mpaka Nambambo? Nilitaka apumzike. Hoja hii si ya kudharau. Kumwingizia mzazi furaha moyoni ni katika wema mkubwa, na tumekatazwa hata kuwaambia wazazi wetu neno dogo la kuwaudhi. Wapo wengi wanaofanya kama alivyofanya yeye, na wanajihesabu kuwa wamefanya ihsani. Wanauita uongo wa huruma.

Lakini tuitazame hoja hii kwa kipimo cha dini yetu. Mtume (s.a.w.) alipotoa ruhusa ya mtu kusema lisilokuwa sahihi, wanazuoni wametutajia mahali patatu: vitani, katika kusuluhisha watu waliogombana, na katika maneno ya mume na mke ya kujenga mapenzi baina yao. Mwana kumwonyesha mzazi wake maisha asiyoyaishi hakumo katika hayo. Na tukiwa wakweli wa nafsi, katika huruma ya aina hii huwa kuna fungu la mama na kuna fungu letu wenyewe. Tunamwonea huruma yeye, na tunaionea aibu hali yetu.

Qur'an imetupa kisa cha familia iliyosafiri kwenda kumwona mwana aliye nchi ya mbali, na kwa qadar ya Allah (s.w.) nchi yenyewe ilikuwa Misri hiyo hiyo. Nabii Yusuf (a.s.) ndiye aliyeagiza aletewe watu wake wote. Walipofika aliwakumbatia wazazi wake, akawapandisha kwenye kiti cha enzi. Sasa tuangalie alimwambia nini baba yake siku ile ya furaha. Alizitaja neema za Mola wake, na katika kuzitaja alisema kwamba Allah (s.w.) alimtendea wema alipomtoa gerezani. Gerezani! Yaqub (a.s.) alikuwa ndiyo kwanza amefika, mzee aliyelia miaka mpaka macho yakaingia weupe, na mwana akiwa kwenye enzi hakuona haya kutamka mbele yake kwamba mimi baba nilifungwa.

Lakini kuna jambo hakulitaja. Wafasiri wamelizingatia hili: hakutaja kisima. Kisima kilikuwa ni kosa la ndugu zake, nao walikuwa wamesimama pale pale, na alikwishawaambia kwamba siku ile hapana lawama juu yao. Akatosheka kusema kuwa shetani ndiye aliyechochea baina yake na ndugu zake.

Mimi naona hapo ndipo ulipo mpaka tunaoutafuta. Yusuf (a.s.) alisitiri aibu ya wengine, na hali yake mwenyewe hakuificha. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume chake. Mzazi akija tunamweleza kwa kirefu ubaya wa wenzetu, wale viongozi wa jumuiya ya wanafunzi, yule tuliyekaa naye chumba kimoja akatukosea, halafu hali yetu wenyewe tunaifunika kwa zulia la kuazima.

Atasema mtu, mbona katika kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.) aliyelalamika ndiye aliyelaumiwa? Ni kweli, na kisa hicho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Ibrahim (a.s.) alikwenda Makka kumtazama mwanawe Ismail (a.s.), hakumkuta, akamuuliza mkewe juu ya maisha yao. Mke yule akalalamika dhiki na taabu, na mzee akaacha maagizo kwamba Ismail abadilishe kizingiti cha mlango wake. Alipokwenda mara nyingine akakuta mke mwingine, akamuuliza suala lile lile, yeye akasema wako katika kheri, akamsifu Allah (s.w.). Huyu mzee akaagiza kizingiti kibakie.

Anayeishia hapo ataona kwamba mwenye kupamba ndiye aliyesifiwa. Asome mbele kidogo. Mzee alimuuliza wanakula nini, akajibu nyama. Wanakunywa nini, akajibu maji. Ilikuwa nyama na maji basi, na hakuongeza mkate ili mgeni afurahi. Alishukuru kwa kile kilichokuwepo. Ibrahim (a.s.) akawaombea baraka katika nyama yao na maji yao. Na Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba wakati ule hawakuwa na nafaka, na lau wangekuwa nayo angeliwaombea katika hiyo pia.

Ndugu msomaji, tuzingatie hapo. Mzazi alimuuliza mkwewe, akajibiwa kweli, na dua yake ikafuata jibu. Allah (s.w.) anajua yote tunayoyaficha, lakini mzazi ni mja, huomba kwa alichokiona na husaidia kwa alichoambiwa. Mama yule wa Nambambo usiku alisimama kuswali akamshukuru Mola wake kwa nyumba isiyokuwa ya mwanawe. Mtihani ambao mwana alikuwa ameshindwa hakuuombea, kwa sababu hakuujua. Tukimwonyesha mzazi maisha ya kuazima tunamnyima kutuombea katika yale tunayohitaji zaidi, na dua ya mzazi kwa mwanawe ni katika dua zisizorudi.

Tena kuna faida ya kidunia. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, huko nako walikuwepo wanafunzi wa Kitanzania. Siku kama hiyo mzazi anayejua mwanawe anaishi mtaa gani, na nani, na ana akiba ya siku ngapi, anajua ampigie nani simu na aombe nini. Anayejua picha nzuri tu atabaki ameshika simu mkononi.

Sisemi kwamba mama akishuka ndege apokewe kwa orodha ya misiba. Ukweli una adabu zake. Mwache apumzike, ale, aone yanayofurahisha, kwani nayo ni kweli. Kunyamaza mpaka wakati ufike kunaruhusiwa, na kuchagua maneno laini ni wajibu. Kisicho na ruhusa ni kuigiza. Mtu anaweza kumwambia mama yake: "Mama, hapa ndipo tunapolala, tuko sita, alhamdulillah. Mwaka mmoja nilianguka, nimeanza tena, niombee." Maneno haya hayamuui mzazi.

Na sisi wazazi na wakubwa tuna sehemu yetu. Watoto hujifunza kuigiza pale wanapoona kuwa kweli inaadhibiwa. Wapo wazazi ambao simu yao kwa mtoto ina suala moja tu: unamaliza lini? Wapo wanaokwenda kumtembelea mtoto ili wapate picha za kuwaonyesha watu wa mtaani. Na mtoto akirudia mwaka habari yake huzungumzwa misibani na harusini kana kwamba ameiba. Kwetu mtoto akiwa jandoni mama hamwoni mpaka atoke, hupeleka chakula na kungoja habari, na akitoka hakuna anayemuuliza kama alilia. Tunapokea mtoto aliyekua. Kwa nini yule aliye chuoni tusimpe nafasi ya kulia?

Ibrahim (a.s.) alikuwa Nabii na mzee wa heshima, na suala lake la kwanza lilikuwa ni vipi hali yenu, mnakula nini, mnakunywa nini. Tukiuliza hivyo kabla ya kuuliza vyeti, tutajibiwa kweli.

Kijana wetu baadaye alimpigia mama yake akamweleza yote. Alichojibiwa ni hiki: "Mwanangu, mimi nimelala shambani msimu baada ya msimu kulinda korosho. Ningeshindwa kulala kwenye godoro lako?" Hakugombezwa. Ukoo ukakaa tena, mjomba huyu akachangia alichoweza, na mdogo wake wa kike hakutolewa chuoni. Njia ilipatikana, na ingepatikana mapema zaidi lau siku zile sita mama angelikaribishwa katika vyumba vile viwili.

Mwenye mzazi anayejiandaa kumtembelea na ashukuru, kwani ni wachache wanaoruzukiwa jambo hilo. Afagie nyumba yake, atandike kitanda chake, na amkaribishe hapo hapo anapoishi. Allah (s.w.) awakutanishe na wazee wao wote walio masomoni, na atujaalie kuwa wakweli kwa wazazi wetu na wenye kuwasikiliza watoto wetu. Amin.